Ugomvi wa Ndugu Nao Ni Sehemu ya Ugonjwa wa Mzazi

Katika filamu huru ya What They Had ya mwaka 2018, iliyoandikwa na kuongozwa na Elizabeth Chomko, mama mzee mwenye Alzheimer, Ruth, anatoka nyumbani usiku jijini Chicago theluji ikianguka. Mwanawe Nick, anayeishi karibu, anataka apelekwe kwenye makao ya wagonjwa kama yeye. Bridget, dada yake aliyekuja kutoka California, anasitasita, na baba yao hataki hata kusikia. Ni rahisi kutafuta mkosaji kati yao. Mimi naona ugomvi huo unazaliwa na ugonjwa wenyewe. Alzheimer, ambayo ndiyo asilimia 60 hadi 70 ya visa vya dimenshia (kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra), kwa kawaida huwahi kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya zamani hudumu zaidi, na adabu za mazungumzo pia. Ndiyo maana mtoto aliyekuja kwa siku mbili hukumbushana na mama habari za ujana, wakacheka, akaondoka akiamini hali si mbaya. Anayeishi naye huulizwa swali lile lile tangu asubuhi, na wagonjwa wengi huzidi kuchanganyikiwa jua likizama. Hakuna anayesema uongo hapo. Kila mmoja anashuhudia saa alizoziona.

Wapo watakaosema hii ni hadithi tu, tena ya Wamarekani wenye makao ya kulipia. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba wanawake hubeba asilimia 70 ya saa za uangalizi. Pasipo makao, swali hugeuka tu: nani ataacha kazi? Mara nyingi ni binti, bila kikao chochote cha familia. Wengine watasema mapenzi kwa mzazi yanatosha. Mapenzi ni ya lazima, ila hayampi usingizi aliyekesha miezi mitatu akilinda mlango. Kwa hiyo wewe uliye mbali, kabla ya kutoa uamuzi kwa simu, nenda ukae wiki nzima na usiku wake, umpumzishe ndugu yako, kisha mpange zamu na fedha mzazi angali anaweza kusema anataka nini.