Daftari la Usharika na Elimu ya Jiografia ya Binadamu

Wengi wetu tulifundishwa jiografia kama elimu ya kukariri majina ya mito, milima na miji mikuu. Jiografia ya binadamu, kama inavyofundishwa katika vyuo vikuu, ina kazi nyingine. Yenyewe huuliza kwa nini watu wanaishi mahali wanapoishi, kwa nini wanahama, na nani aliyeamua kwamba soko au zahanati ijengwe hapa wala si kule. Makazi, biashara, mipaka ya nchi, lugha na hata dini vimo katika uwanja wake. Kwa kuwa uwanja huo ni mpana mno, makala hii itafuata hasa njia ya mtaalamu mmoja, Torsten Hägerstrand (1916–2004) wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, ambaye utafiti wake ulianzia katika madaftari ya usharika wa Kilutheri.

Elimu hii ilianza kupata nafasi katika vyuo vya Ulaya karne ya 19. Carl Ritter alipewa uprofesa wa jiografia mjini Berlin mwaka 1820. Vyama vya jiografia vilianzishwa Paris mwaka 1821, Berlin mwaka 1828 na London mwaka 1830, na ramani zake zilizifaa sana serikali zilizotaka makoloni. Friedrich Ratzel, aliyeanza kutoa kitabu chake juu ya jiografia ya binadamu mwaka 1882, aliifananisha dola na kiumbe hai kinachohitaji ardhi ili kikue. Wazo hilo baadaye lilichukuliwa na Wanazi kuhalalisha unyang'anyi wao. Mfaransa Paul Vidal de la Blache alifundisha kwa upole zaidi: nchi humpa mwanadamu nafasi, na mwanadamu ndiye huchagua. Lakini wote wawili walitazama zaidi mataifa na majimbo. Mtu mmoja mmoja, mwenye jina lake na nyumba yake, hakuonekana.

Nchini Uswidi mtu huyo alikuwa ameandikwa tangu zamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwaagiza wachungaji kuweka orodha ya washarika wao. Waliandika kuzaliwa, ndoa na vifo, na pia ni nani amehamia na ni nani ameondoka. Waliandika hata kiasi ambacho kila mmoja aliweza kusoma na kuifahamu Katekisimo. Mchungaji aliyafanya hayo kwa ajili ya ulezi wa kiroho na kwa amri ya mfalme, naye hakuwa na habari kwamba anamwandalia mtaalamu wa baadaye hazina.

Hägerstrand, akisaidiwa na mkewe Britt, aliyachambua madaftari ya usharika wa Asby kusini mwa Uswidi, akifuatilia mienendo ya watu kwa muda wa takribani karne moja. Alitoa matokeo mwaka 1947. Ilikuwa kazi ya subira isiyo ya kawaida, kumfuata kila mtu kutoka nyumba hadi nyumba. Ilionekana kwamba uhamaji mwingi ulikuwa wa masafa mafupi, na kwamba njia za kuhama hurithiwa: walipotangulia wachache, jamaa na majirani hufuata.

Kutokana na hayo alipata wazo la tasnifu yake ya mwaka 1953. Ikiwa watu hufuatana katika kuhama, je, hawafuatani pia katika kupokea mambo mapya? Alichora ramani za wakulima waliopokea ruzuku ya kuboresha malisho, waliokubali mifugo yao ikingwe na kifua kikuu, na walionunua magari na simu. Aliona kwamba jambo jipya huenea zaidi kwa mazungumzo ya majirani, na kwamba uwezekano wa kulipokea hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kisha akajaribu kuigiza ueneaji huo kwa hesabu za bahati nasibu, na kuulinganisha na hali halisi.

Mwaka 1959 alifundisha mjini Seattle, Marekani, ambako vijana wa jiografia walikuwa wakitaka elimu yao iwe sayansi ya hesabu. Tasnifu yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967, na mbinu zake zikavuka bahari hadi kwetu. Edward Soja alitoa kitabu juu ya Kenya mwaka 1968, na Peter Gould akaandika mwaka 1970 kuhusu Tanzania ya miaka 1920 hadi 1963, akionyesha kwa ramani jinsi dalili za usasa zilivyosambaa nchini.

Hapo ndipo palipo na shida. Katika Asby, jirani alimwiga jirani aliyekuwa karibu sawa naye. Reli na posta za koloni hazikuenea kwa kuigana, bali ziliwekwa na serikali pale palipokuwa na mazao ya kusafirishwa. Ramani inayoonyesha tu mahali usasa ulipofika humfanya mkulima asiyefikiwa aonekane kuwa amechelewa, hata kama njia ilipitishwa mbali naye kwa makusudi. James Blaut alilishambulia wazo hilo mwaka 1977, na Soja mwenyewe baadaye aliiacha njia ile.

Jibu lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka kwa Mbrazili Milton Santos. Yeye alilazimika kuishi uhamishoni baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1964, na katikati ya miaka ya 1970 alifundisha pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kitabu alichokitoa kwa Kifaransa mwaka 1975, alieleza kwamba uchumi wa miji ya nchi maskini una mizunguko miwili, wa juu wa mabenki na makampuni, na wa chini wa wachuuzi na mafundi. Mzunguko wa chini si masalio ya zamani yanayosubiri kufikiwa na usasa. Umezaliwa pamoja na ule wa juu, nao huutegemea. Mwaka 1994 Santos alipewa tuzo ya Vautrin Lud, iliyo tuzo kuu ya wanajiografia.

Hägerstrand naye hakubaki alipokuwa. Mwaka 1969, katika hotuba mjini Copenhagen, aliwauliza wenzake, waliokuwa wamezama katika hesabu, watu wako wapi katika elimu yao. Akapendekeza jiografia ya wakati: kila mtu ana mwili mmoja na siku ya saa 24, hawezi kuwa mahali pawili, na milango mingine hufunguliwa kwa saa maalumu. Tuchukue mfano wa mama anayeishi kilometa 8 kutoka zahanati. Kwa miguu ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Ikiwa hana budi kuteka maji kwanza, aondoke saa nne asubuhi, na zahanati ifungwe saa sita, atafika mlango ukifungwa. Katika ramani ya wilaya amehesabiwa kuwa na huduma. Hata mbinu hii ilikosolewa: Gillian Rose, mwaka 1993, alisema kwamba mstari uchorwao kuonyesha mwendo wa mtu hauonyeshi hofu ya mwanamke apitaye njia ile, wala mapenzi yanayomfunga kwa watoto wake.

Kazi ya kuandikisha wakazi wa Uswidi iliondolewa mikononi mwa Kanisa na kupewa idara ya kodi mwaka 1991. Madaftari ya kale yamo katika hifadhi za nyaraka, na watafiti wangali wakiyasoma. Zaidi ya Waswidi milioni moja walihamia Amerika kati ya katikati ya karne ya 19 na mwaka 1930, na kwa wengi wao daftari la usharika lina tarehe ya kuondoka na nchi waliyoiendea. Yaliyowapata huko lazima yatafutwe katika vitabu vingine.