Sindano ya kulegeza misuli: bima inalipa lini?

Wengi wetu tunaijua Botox kama sindano ya kuondoa mikunjo usoni. Lakini dawa hiyohiyo hulegeza mguu wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mkono uliokakamaa baada ya kiharusi. Kwa hiyo bima haiangalii jina la dawa tu, inaangalia pia ugonjwa unaotibiwa.

Tuchukue mfano wa Marekani. Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, hailipii sindano ya urembo. Ikiwa ni tiba, kwa kawaida hulipa asilimia 80, na mgonjwa huchangia 20.

Popote ulipo, tunakushauri hivi: kabla ya sindano, mwombe daktari aandike ugonjwa, misuli itakayochomwa na tiba zilizokwisha kujaribiwa. Peleka maelezo hayo kwenye bima yako, kisha subiri jibu la maandishi.

Uliza pia kuhusu awamu zinazofuata. Nguvu ya dawa hupungua baada ya miezi 3 hivi, na kibali cha leo huenda kisihusu sindano ya pili, wala mazoezi ya viungo yanayokwenda pamoja nayo.