Anayetuhumiwa kuhini amana naye ana haki ya kutetewa

  

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo katika nyumba zetu husemwa kwa kunong'ona. Mama mmoja mtu mzima alitujia baada ya swala ya Alasiri, akifuatana na mwanawe wa pili. Mwanawe mkubwa ni mhasibu wa halmashauri, na ameshitakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka. Alikuja na maswali matatu. La kwanza: "Sheikh wangu, ni halali kumwekea mwanangu wakili? Maana mtaani wanasema anayemtetea amekula naye." La pili lilimhusu kijana aliyekuja naye. Gari la kaka yake limeandikwa kwa jina lake, naye hakulilipia hata shilingi moja. Ndugu wanamtaka aiambie mahakama kuwa ni lake. La tatu ni nyumba aliyoiacha marehemu mumewe. Haijagawanywa, na miongoni mwa warithi wamo watoto wawili wa mke mdogo ambao hawajabaleghe. Je, waiuze ili wamlipe wakili?

Siku ile tulimjibu kwa ufupi. Leo twajibu kwa kirefu, kwa kuwa twajua si nyumba moja iliyo katika mtihani huu.

Asili ya jambo hili katika dini yetu ni kwamba hukumu haitolewi kwa kusikia upande mmoja. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali bin Abi Talib (R.A.) kuwa kadhi Yemen, naye akiwa bado kijana, alimwagiza kuwa wakikaa mbele yake watu wawili wenye ugomvi asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Hata Nabii Daudi (A.S.), katika kisa kilichomo Surat Swaad, alimsikiliza mwenye kondoo mmoja akilalamika juu ya mwenye kondoo tisini na tisa, akatoa kauli papo hapo, kisha akatanabahi kuwa ametahiniwa, akaomba maghufira. Baadhi ya wafasiri wanasema kosa lenyewe lilikuwa hiyo haraka ya kusema kabla ya kumsikiliza mwingine.

Na si kila mtu anajua kujieleza. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni aliomba apewe nduguye Harun kwa sababu ulimi wake ulikuwa fasaha zaidi. Imepokewa pia kwamba Ali (R.A.) alikuwa akichukia kuhudhuria magomvi mwenyewe, akimweka nduguye Aqiil kuwa wakala wake, na Aqiil alipozeeka akamweka Abdullah bin Jaafar. Kutokana na hayo mafakihi wakajengea mlango mzima wa uwakala katika mashitaka. Wakili tumwonaye leo na joho lake jeusi si bidaa tuliyoletewa na wakoloni.

Lakini mhasibu, mkurugenzi au waziri, aliyeshika amana ya umma? Hapa ndipo watu hukasirika, na hasira yao ina msingi, kwa kuwa mali ya umma ni dawa ya zahanati na dawati la mtoto wa maskini. Basi tumtazame Umar bin Khattab (R.A.), ambaye hakuna kiongozi aliyekuwa mkali kuliko yeye kwa maliwali wake. Watu wa Kufa walimshitakia liwali wao, Saad bin Abi Waqqas (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Walilalamika mengi, hata wakadai kuwa haswalishi vizuri. Umar alimwondoa katika cheo, akamweka Ammar bin Yasir (R.A.). Hakuishia hapo. Alimwita Saad, akamuuliza uso kwa uso, naye akajieleza kuwa aliwaswalisha kama alivyoswali Mtume (S.A.W.), akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kuzifupisha mbili za mwisho. Umar akamwambia kuwa hivyo ndivyo alivyomdhania. Kisha akatuma watu waende Kufa kuuliza.

Wajumbe hao hawakuacha msikiti ila waliuliza, na kote wakasikia akisifiwa, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs. Hapo alisimama mtu akasema kwamba Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu. Saad alimwombea dua nzito: kama ni mwongo aliyesimama ili aonekane, basi umri wake urefushwe, ufakiri wake urefushwe, naye atiwe katika fitina. Yaliyompata uzeeni yamo katika Sahihi Bukhari, na hatutayarefusha hapa.

Tunachotaka msomaji akione ni hiki. Kuondolewa cheo kulikuwa jambo moja, na kuthibitika hatia lilikuwa jambo jingine kabisa. Umar mwenyewe, akiwa kitandani baada ya kupigwa jambia mwaka 23 Hijria, alimtaja Saad katika wale sita wa kumchagua khalifa, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiana. Leo mtu akitenguliwa asubuhi, adhuhuri barazani tumekwisha kumhukumu, na jioni watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi chuoni.

Nasi tukiri kosa letu. Januari 2007 Profesa Costa Mahalu, aliyekuwa balozi wetu Italia, alifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashitaka yaliyohusu zaidi ya euro milioni 2 katika ununuzi wa jengo la ubalozi mjini Roma. Tulisoma magazeti, tukatikisa vichwa, tukayamaliza mambo kwenye kahawa. Mei 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alisimama mahakamani kama shahidi wa upande wa utetezi, akaeleza kuwa serikali yake iliujua na kuuridhia ununuzi ule. Agosti mwaka huo mahakama ikamwachia huru balozi na mshitakiwa mwenzake. Lau asingekuwa na wa kumtetea, na wa kumwita shahidi yule, sijui kahawa yetu ingetuombea nini Akhera.

Kesi nyingine ni ya mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona pamoja na aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja. Walishitakiwa mwaka 2008 kuhusu msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, ikidaiwa kuwa serikali ilipata hasara ya shilingi bilioni 11.7. Mitaani wote watatu walikuwa kapu moja. Julai 2015 Kisutu iliwatia hatiani wawili ikawafunga, na Mgonja ikamwachia huru. Utetezi, basi, haukuzuia hatia kuthibitika. Ulisaidia mahakama kutenganisha mtu na mtu. Katiba ya nchi yetu nayo, ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na inakataza mshitakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ni halali, na huenda likawa wajibu kwa jamaa mwenye uwezo. Ila kuna mpaka, na mpaka huo umewekwa na Qur'ani. Katika Surat An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, Mwenyezi Mungu anamkataza Mtume wake asiwe mtetezi wa wahaini, kisha anawauliza waliosimama kuwatetea duniani ni nani atakayewatetea mbele Yake Siku ya Kiyama. Wafasiri wanaeleza kuwa ziliibwa silaha na unga nyumbani kwa Answari mmoja, Rifaa bin Zayd. Tuhuma zikaelekea nyumba ya Bani Ubayriq. Jamaa zao wakaenda kwa Mtume (S.A.W.) kuwasafisha, na lawama ikasukumiwa mtu asiyehusika; katika baadhi ya riwaya, mtu huyo alikuwa Myahudi. Wahyi ukashuka ukamtakasa asiyehusika na ukawafichua wa ndani.

Wale jamaa hawakulaumiwa kwa kutaka ndugu yao asikilizwe. Walilaumiwa kwa kuutetea uongo na kumbebesha mwingine. Wakili ana haki ya kudai ushahidi, kuhoji mashahidi, kuonyesha kuwa saini si ya mteja wake au kwamba amri ilitoka juu, na kuomba adhabu ipunguzwe kwa aliyekiri. Hana haki ya kutunga shahidi, kuchoma daftari la stakabadhi wala kumtupia karani mdogo mzigo wa bosi. Na akishinda kwa ufasaha tu, mteja asifurahi. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na aliyekatiwa haki ya nduguye kwa sababu ya ulimi wake mzuri amekatiwa kipande cha Moto.

Swali la pili limekwisha kujijibu. Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi sawasawa, akalirudia neno hilo mpaka maswahaba wakatamani anyamaze. Udugu si udhuru, kwani aya ya 135 ya sura hiyo hiyo inaamrisha ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

La tatu lina fikihi yake. Nyumba ya mirathi si ya mama wala ya mtoto mkubwa. Madeni na wasia vikishatolewa, wajane wawili wanashirikiana thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, kila mmoja ajue fungu lake, kisha mtu mzima anayetaka kumchangia nduguye atoe lake kwa ridhaa yake. Fungu la wale mayatima wawili haligusiki hata kwa mkopo wa kumtoa kaka yao gerezani. Aya ya 10 inatosha kututisha. Na zisipopatikana za kumlipa wakili mkubwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka njia ya mshitakiwa asiye na uwezo kupatiwa msaada.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Yule kijana, aliyekuwa kimya muda wote, alitoa kadi ya gari mfukoni akauliza aifanyeje. Tulimwambia ampelekee wakili, amweleze gari lilinunuliwa na nani na lini, na wala asiogope, kwani wakili hazuiwi kumtetea mtu kwa sababu ameambiwa ukweli. Aliikunja kadi, akamshika mama yake mkono, wakaondoka kabla ya adhana ya Magharibi.