Milango ya Kiini cha Seli

Mwanafunzi wa Maguu, katika milima ya Mbinga, akitazama kwa hadubini ngozi nyembamba ya kitunguu iliyotiwa iodini, ataona vyumba vilivyopangwa kama matofali, na ndani yake madoa ya mviringo. Kila doa ni kiini, ghala la maagizo ya urithi. Asichoweza kukiona ni milango yake.

Utando uzungukao kiini cha seli ya mwanadamu una maelfu ya vitundu, na kila kimoja kimejengwa kwa aina zipatazo 30 za protini. Molekuli ndogo hupita kwa urahisi. Protini kubwa haina budi kuwa na alama maalumu. Alama hiyo hutambuliwa na protini nyingine, ambayo huisindikiza hadi ndani.

Mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza ya kuwa hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana mno, yaani chini ya nanometa 200 hivi. Njia ya kitundu haifiki hata nusu ya upana huo. Je, mpitaji ataonwaje? Wataalamu huzifanya molekuli zing'ae moja moja, kisha hukadiria katikati ya kila nuru. Ndivyo ilivyo kwa karabai ya mvuvi wa Ziwa Nyasa usiku: mtumbwi hauonekani, lakini mahali ulipo hujulikana. Kwa njia mbalimbali za kuvuka kikomo hicho cha hadubini Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014. Imebainika pia ya kuwa protini huvuka mlango kwa milisekunde chache tu.

Elimu hii yagusa uhai wa watu. Zamani ilidhaniwa kwamba gamba la kirusi cha UKIMWI huvunjika kabla ya kufika kiini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 na 2021 ulionyesha kuwa gamba laweza kupita mlangoni likiwa zima. Dawa ya lenacapavir hulishika gamba hilo na kuvuruga hatua kadhaa za kirusi, kuingia kiini ikiwa mojawapo. Katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 walipewa dawa hiyo kwa sindano mara mbili kwa mwaka. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Basi mwalimu achorapo seli ubaoni, asiuchore utando wa kiini kama duara lililofungwa. Aache matundu, na awaulize wanafunzi: ni nani apitaye hapo, na kwa ruhusa gani?