Kisiki cha kabichi: kiache kichipue au king'oe?

Ukipita kwenye bustani za milimani, iwe Lushoto, Njombe au Mbeya, baada ya lori kuondoka na mzigo wa kabichi utaona visiki vimesimama shambani. Wapo wanaoving'oa siku hiyo hiyo. Wapo wanaofungulia mbuzi. Wengine huviacha tu, na baada ya wiki mbili hivi vinaanza kutoa machipukizi pembeni. Msikilizaji, huenda nawe umejiuliza: machipukizi hayo yana faida, au yanakula mbolea bure?

Jibu letu ni kwamba yana faida, lakini si kwa kila shamba. Kisiki kizima kinaweza kukupa mboga mara ya pili. Kisiki chenye ugonjwa kinaweza kukuharibia msimu ujao.

Kwa nini kisiki huchipua?

Kila mahali jani linapoungana na shina la kabichi pana kijicho kidogo kilicholala. Kichwa cha juu kikiwepo, vijicho hivyo haviamki. Ukikikata kichwa, vinaamka. Na kwa kuwa mizizi imeshashika ardhini, hununui mbegu tena, huandai kitalu wala hupandikizi miche.

Namna ya kufanya

Usiivune kabichi kwa kuing'oa. Kata kichwa kwa kisu kikali na kisafi, ukiacha shina pamoja na majani manne hadi sita ya chini, kwa sababu majani hayo ndiyo yatakayolisha machipukizi. Kata kwa mshazari ili maji ya mvua yatiririke. Wapo wanaochanja alama ya msalaba juu ya kisiki. Si lazima, kwani machipukizi hutoka hata bila hiyo, na wakati wa mvua nyingi maji hutuama kwenye mikato hiyo na kisiki kikaoza.

Siku hiyo hiyo palilia, mwagilia, kisha weka konzi moja au mbili za samadi iliyooza vizuri kuzunguka kila kisiki. Kama unatumia CAN, kijiko kimoja cha chai kwa kisiki kinatosha. Iweke mbali kidogo na shina, uifukie.

Machipukizi yakifikia urefu wa kidole, chagua. Ukiyaacha yote yatagombania chakula na hakuna litakalofunga vizuri. Bakiza moja au mawili yenye nguvu, mengine yakate upeleke jikoni, ni mboga laini. Yaliyobaki hufunga baada ya wiki 6 hadi 8, na zaidi kidogo penye baridi kali.

Usitarajie makubwa

Kabichi za mara ya pili ni ndogo. Nyingi huwa za ukubwa wa ngumi au zaidi kidogo. Mnunuzi wa lori hutazama ukubwa, kwa hiyo usizipigie hesabu ya kulipa ada. Faida yake iko jikoni kwako na kwenye genge la kijijini, hasa kipindi ambacho mboga ni haba na mfuko hauna kitu.

Kwa hiyo tunashauri usiache shamba zima. Bakiza mistari michache iliyo karibu na maji, sehemu nyingine ing'oe uandae kwa zao linalofuata.

Kagua kabla ya kuamua

Kwanza, tazama majani. Kama yamegeuka manjano kuanzia ukingoni, kwa umbo la herufi V, na mishipa yake ni myeusi, huo ni uozo mweusi. Ukikata shina unaweza kuona pete nyeusi ndani.

Pili, ng'oa kisiki kimoja au viwili utazame mizizi. Kama mimea ilikuwa ikinyauka mchana na kuamka jioni, na mizizi imevimba kama tangawizi, huo ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Vimelea vyake hukaa ardhini miaka mingi.

Ukikuta dalili hizo, usiache hata kisiki kimoja. Ng'oa vyote uviteketeze. Usivitupe kwenye shimo la mboji wala usiwape mifugo, maana uvimbe wa mizizi unaweza kurudi shambani kupitia samadi. Hapo panda mahindi, maharage au karoti, na usirudishe jamii ya kabichi kwa miaka kadhaa.

Tatu, mkumbuke jirani. Visiki vilivyosahauliwa ni nyumba ya vidukari na ya viwavi vidogo vya kijani ambavyo ukivigusa hujirusha na kuning'inia kwa uzi. Kutoka hapo vinahamia kwenye miche michanga, yako au ya mwenzako. Kagua visiki kila wiki, na ukishavuna mara ya pili ng'oa mara moja. Ukipiga dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kula au kuuza, hata kama ni yale machipukizi machache ya mboga ya jioni.

Jamaa zake je?

Brokoli hukubali vizuri zaidi. Ukishakata kichwa kikubwa cha katikati, hutoa vichwa vidogo pembeni kwa wiki kadhaa. Vikate kabla havijachanua maua ya njano. Sukuma wiki chuma majani ya chini, uache kilele kiendelee kukua. Koliflawa haina mavuno ya pili ya maana. Ukishakata ua lake, ng'oa, majani yake mateke ni mboga.

Basi ukienda kuvuna kesho, nenda na kisu, na kabla hujaacha kisiki kichipue, ng'oa kimoja utazame mizizi yake.