Sura ya kijana, kumbe babu!

Juzi nusura mjomba wangu aingizwe mjini, tena mchana kweupe! Mzee alikuwa ameuza ng'ombe sita kijijini, pesa kazifunga kwenye kitambaa, akatua Morogoro kununua trekta. Dalali akatuonyesha Massey Ferguson 135 jekundu, linang'aa kama bwana harusi. "La mwaka 1972 hili, mzee," akasema, huku akigonga kibati cha namba pale kwenye dashibodi.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, lakini likizo zangu zote nilishinda gereji nikishika spana. Nikasema, "Mjomba, ngoja kwanza."

Jamani, kibati kinafunguliwa, na boneti inahamishwa. Ukitaka umri wa trekta, kaulize injini. Nikafunua boneti, nikahesabu mabomba membamba yanayopeleka dizeli kwenye nozeli. Manne! Nikashtuka. 135 la dizeli, lililotoka mwishoni mwa 1964, lina Perkins ya pistoni tatu. Dizeli ya pistoni nne ilikuwa ya kaka yake, namba 35. Ile ni injini ya Standard, na iliachwa kuelekea 1960.

Sikuishia hapo. Nikachukua bisibisi, nikakwangua rangi pembeni ya giaboksi. Chini ya kijivu ikatokea rangi ya shaba. Kwisha kazi! 35 za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1956, zilikuwa na bodi ya kijivu, injini na giaboksi rangi ya shaba. Mwishoni mwa 1957 ndipo wakageuza, juu nyekundu, chini kijivu. Injini na giaboksi zimesema neno moja: babu huyu ni wa 1956 au 1957, kavishwa boneti ya mdogo wake.

Dalali akaanza kukohoa. Mara bei ikashuka nusu!

Mjomba akacheka. "Kumbe rika langu! Mimi nimezaliwa 1957." Nikamweleza kwamba injini ile inajulikana kwa ugumu wa kuwaka, hasa kukiwa na baridi. Akakaza fundo la kitambaa. "Basi twende zetu, mwanangu. Mimi mwenyewe asubuhi naamka kwa shida. Nani atamwamsha mwenzake?"

Msomaji wangu, uzee si kosa. Kosa ni kuuziwa babu kwa bei ya kijana. Ukienda kununua, beba na bisibisi, macho peke yake hayatoshi. Wiki ijayo, panapo majaliwa!