Mboga za fungu na makande ya magadi: tubadili mlo bila kuleta maradhi



Akina mama wanaokuja kliniki hapa Karatu, nikiwauliza jana walikula nini, jibu aghalabu huwa lile lile: ugali na mboga ya majani. Na juzi? Ugali na maharage. Na leo jioni? Makande. Si kwamba wilaya hii ina uhaba wa vyakula. Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi, kunalimwa vitunguu vinavyovuka mpaka hadi Kenya. Mashamba ya huku juu yanatoa mahindi, ngano, maharage, ngwara na mbaazi. Siku ya mnada utakuta dagaa, nazi, karanga na ndizi za kila aina. Lakini vyakula hivyo vinapita mbele ya macho yetu na jikoni tunarudi kwenye sufuria ile ile.

Tusiwalaumu wapishi. Mama aliyetoka shambani, au kwenye kazi ya kufua mashuka katika hoteli za watalii, akafika nyumbani magharibi na watoto wanne wanamsubiri, hana nguvu ya kufikiria pishi jipya. Atapika anachokijua na kinachoiva upesi.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani tatizo hili wamelifanya biashara. Sweden walianza mwaka 2007: kampuni inakuletea nyumbani sanduku lenye vyakula vibichi vilivyopimwa kwa idadi ya watu wa nyumba yako, na karatasi ya maelekezo ya kupika. Mwaka 2011 ikaanzishwa HelloFresh mjini Berlin, na mwaka 2012 Blue Apron mjini New York. Mteja hafikirii leo apike nini, wala habakiwi na nusu kabichi inayooza. Anafungua sanduku, anasoma, anapika chakula ambacho hakuwahi kukipika.

Sanduku la namna hiyo halifiki Karatu, lakini binamu yake yupo sokoni siku nyingi. Ni fungu. Tena siku hizi si fungu la nyanya tano tu. Utakuta mboga ya majani imeshakatwa na kutiwa kwenye kifuko, kisamvu kimeshatwangwa, karanga zimeshasagwa, viungo vya pilau vimefungwa kwa kipimo cha sufuria moja, na mahindi ya kukoboa yamechanganywa na maharage tayari kwa makande. Ukizoeana na muuzaji unampigia simu asubuhi, unamtumia fedha kwa simu hiyo hiyo, na jioni bodaboda anakuletea fungu la pishi unalotaka.

Nyumbani kwangu tumelijaribu jambo hili kwa miezi kadhaa, na nasema bila kusita kwamba lina faida. Mchicha wa karanga umerudi mezani, bilinganya imeingia, na watoto wamejifunza kula mbaazi. Gharama inapanda kidogo, maana aliyekukatia mboga naye anataka ujira wake, lakini chakula kinachotupwa kimepungua. Kwa hiyo sikuandika makala haya ili kuwatisha watu na fungu. Nimeandika kwa sababu mafungu mawili kati ya hayo, kifuko cha mboga iliyokatwa na fungu la makande, yana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui.

Nianze na mboga iliyokatwa. Jani zima lina ngozi inayolilinda. Likishakatwa vipande vyembamba, kila ukingo ni jeraha. Utomvu unatoka na vijidudu vinapata pa kukaa na cha kula. Muuzaji naye, ili mboga isinyauke, huinyunyizia maji. Maji ya wapi? Hapo ndipo penye swali. Na kisu kile, ubao ule na mikono ile vimehudumia wateja wangapi tangu asubuhi? Choo cha soko kina maji na sabuni? Kwa njia hii tunapata homa ya matumbo, amiba na mayai ya minyoo, na zama za kipindupindu tunapata kipindupindu.

Lakini kwa ukanda wetu huu liko jingine, na ndilo linalonisumbua zaidi. Ni tegu wa nguruwe.

Najua msomaji atashangaa. Atasema, sisi Waislamu hatuli nguruwe, tegu wake anatuhusu nini? Naomba unisikilize vizuri. Mtu anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu hupata mnyoo mkubwa tumboni. Mnyoo huo hutoa mayai, nayo hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Asipotumia choo, au asiponawa mikono, mayai hufika kwenye udongo, kwenye maji na kwenye mboga. Ukiyameza mayai hayo, hupati mnyoo wa tumboni. Yanaanguliwa, yanapenya utumbo, yanasafiri kwenye damu na kujenga vifuko kwenye misuli, na vingine kwenye ubongo. Vifuko vya ubongoni huleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, na wakati mwingine mauti. Kwa hiyo ugonjwa wa ubongo hauletwi na kula nguruwe. Unaletwa na kula kinyesi cha binadamu bila kujua.

Jambo hili si nadharia ya vitabuni. Jirani zetu wa Mbulu wamelichunguza kwa miaka mingi katika hospitali ya Haydom, na sehemu ya wagonjwa wa kifafa waliopigwa picha za ubongo walikutwa na vifuko hivyo. Na mwaka 1992 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa dini wasiogusa nguruwe kabisa, waliopata degedege na kukutwa na uvimbe wa tegu ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa majumbani waliokuwa wakiwapikia, waliotoka nchi zenye tegu kwa wingi. Kujiepusha na nyama ile kulikuwa wajibu wao wa dini, lakini hakukuwakinga na mikono iliyoandaa chakula.

Ndiyo maana mtu mzima anayeanza kuanguka kifafa katika maeneo haya nasema apelekwe hospitali akachunguzwe. Asiambiwe tu kwamba ana mashetani, akaishia kwenye mafusho.

Sasa tufanyeje? Lolote linaloiva motoni halina neno: joto la kupika linaliua yai la tegu. Mboga ya fungu ukiikaanga au kuichemsha hadi ikaiva sawasawa, umeshamaliza kazi. Hatari iko kwenye vinavyoliwa vibichi, yaani kachumbari, saladi na kabichi iliyochambuliwa nyembamba. Wengi wanadhani ndimu, siki au chumvi vinatosha. Havitoshi. Hata dawa ya klorini tunayotia kwenye maji, ambayo ni nzuri sana kwa vijidudu vya kipindupindu, haimwezi yai la tegu kwa kipimo cha kawaida. Nyanya, tango na karoti za kachumbari zinunue nzima, zisugue kwa mkono chini ya maji safi yanayotiririka, menya zinazomenyeka, ndipo ukate. Kuosha kwanza, kukata baadaye. Ukikata kwanza unaosha vitamini na kuacha uchafu ndani ya mikato. Kachumbari iliyokwisha kukatwa sokoni mimi siinunui, na siku nikikaribishwa nayo kwenye shughuli najihudumia pilau tu.

Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa mlango wa maji kabla ya milango mingine yote, na ni elimu kubwa. Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Maji yanayofaa kutawadhia si lazima yafae kunywa wala kuoshea kachumbari. Maji ya mfereji yasiyobadilika rangi, harufu wala ladha yanatosha kwa udhu, na ndani yake yakawa na mayai ambayo jicho haliyaoni.

Fungu la pili ni la makande. Humo, pamoja na mahindi na maharage, mara nyingi utakuta kipande cha magadi kimefungwa kwenye karatasi kama zawadi.

Sababu ya kupendwa kwa magadi huku kwetu inaeleweka. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300 hivi. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, Karatu kwenye 95 hivi, na kule ukingoni kama 92. Maharage yale yale yanayoiva upesi Tanga yanakula kuni hapa mpaka mpishi akate tamaa. Magadi yanayalainisha, na kuni zinapona.

Ila magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi, mengine kwa wingi sana. Na mikoa yetu ya kaskazini tayari ina floraidi nyingi kwenye maji ya visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na Tanzania kwa miaka mingi ililazimika kuruhusu hadi 8 vijijini kwa kukosa vyanzo vingine. Mtoto anayekua huku akinywa maji hayo na kula makande ya magadi anaongezewa mzigo juu ya mzigo. Meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi katika miaka yake minane ya kwanza, na floraidi ikizidi wakati huo yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, na mengine yanamomonyoka. Mswaki hauyaondoi. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inaharibika, miguu inapinda na mgongo unakakamaa. Tena kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, nayo inabaki pale pale.

Juu ya hayo, magadi huiharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na kwa wenye shinikizo la damu ni sawa na kujiongezea chumvi.

Kwa hiyo pokea fungu lako la makande, na kile kipande mrudishie muuzaji. Loweka mahindi na maharage tangu usiku, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya ukiwa umefunika sufuria. Mwenye uwezo anunue sufuria la presha. Huku milimani halina anasa hata kidogo, maana linairudisha nyuzi 100 na kuizidi.

Mengine nayapitia haraka. Viungo vya pilau nunua vizima utwange mwenyewe. Karanga zilizosagwa huwezi kujua zilikuwaje kabla ya kusagwa, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Chagua nzima, tupa zilizosinyaa na kubadilika rangi, saga nyumbani.

Ndugu zetu wanaoishi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro wana shida ya aina yake. Kilimo hakiruhusiwi humo, hivyo mahindi na mboga zao zinapanda na magari kutoka Karatu. Mboga iliyokatwa asubuhi ikifika Endulen jioni imeshachacha. Kwao fungu linalofaa ni la vitu vikavu na vigumu: mbaazi, choroko, dagaa, vitunguu vya Mang'ola, kabichi nzima, nazi nzima, na ndimu. Ndimu naitaja kwa makusudi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na maharage mwili unayachukua vizuri zaidi yakikamuliwa ndimu au yakifuatiwa na chungwa, na vibaya yakifuatiwa na chai. Chai na isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, hasa kwa mjamzito.

Ukiwa na mbaazi, unaweza kuanza na fungu hili la watu sita, ambalo kwangu ndilo lililopendwa kuliko yote. Mbaazi zilikuwa zikisafirishwa kwa wingi India hadi mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuziagiza na bei ikaanguka; wakulima wengi walibaki na magunia wasijue la kuyafanyia, na watu wa pwani wakatucheka, maana wao ndicho chakula chao cha asubuhi. Vikombe viwili na nusu vya mbaazi kavu, nazi moja, vitunguu viwili, bizari ya manjano kijiko kidogo, pilipili mbuzi moja nzima, ndimu moja. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha hadi zipondeke kwa vidole. Kuna nazi, tenga tui zito na jepesi. Tia jepesi pamoja na vitunguu, bizari, pilipili na chumvi, liache likauke nusu. Kisha tia zito, koroga taratibu, na likianza kuchemka epua. Ndimu inakamuliwa mezani. Na anayeandaa mifuko ya futari ya kugawa mwezi wa Ramadhani, baada ya mchele, unga, sukari na tende, aongeze kilo moja ya mbaazi hizi.